Udongo mweusi ulikula bano zangu

Mwaka 1989, nikiwa darasa la nne katika shule moja ya msingi karibu na Barabara ya Jogoo, Nairobi, mwalimu wa Kiswahili aliandika ubaoni: Jaza pengo kwa kutumia neno lililo kwenye mabano. Mtu mmoja wa nyuma akacheka. Vitabuni mabano ni zile alama mbili zilizopinda kama miguu ya mpanda farasi. Kwetu mabano yalikuwa bano nyingi, yaani gololi za kioo za kuchezea, na bano nyingi zilikuwa mfukoni mwangu.

Mwalimu aligeuka kutafuta aliyecheka. Darasa likanyamaza kabisa, na katika kimya kile kaptura yangu ikanisaliti. Mfuko wa kulia ulikuwa umetoboka tangu Jumatatu. Bano moja ilinitelezea pajani, ikagonga saruji, ikaruka, ikagonga tena kwa haraka haraka, kisha ikaanza kubingirika. Sakafu ile ilijengwa ikiinama kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya kupigia deki yatoke yenyewe. Basi bano ikafuata njia ya maji, polepole, ikipita miguu ya watoto hamsini na kitu, na hakuna aliyethubutu kuikanyaga. Ilisimama kwenye kiatu cha mwalimu.

Akainama, akaiokota, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anayechukia kitu. Halafu akaitia kwenye mfuko wa koti lake na kusema, "Sasa hii iko kwenye mabano." Darasa zima likapasuka kwa kicheko, mimi nikaitwa mbele, nikala viboko viwili. Viboko nilivisahau kabla ya saa nne. Bano ile, ya kijani yenye jani jeupe ndani, naweza kuichora hadi leo.

Wenzetu wa Tanzania husema gololi. Sisi tulisema bano, na goroli tuliiacha kuwa jina la zile za chuma, zilizotoka kwenye beringi za magari. Hizo zilipatikana Barabara ya Kirinyaga, ambayo hadi leo watu wa Nairobi wanaiita Grogan, mahali ambapo gari linaweza kuingia likiwa zima na kutoka likiwa kwenye magunia. Ukiwa na mjomba fundi wa magari ulikuwa tajiri. Chuma ni kizito kama mara tatu ya kioo, kwa hiyo goroli ikigonga bano ya kioo huiondoa uwanjani na pengine kuipasua, na ndiyo maana kila mchezo ulianza kwa ubishi wa kama goroli inaruhusiwa au la. Mwenye nayo alisema inaruhusiwa.

Nyingine tulizitoa kwenye mikebe ya rangi ya kupuliza, ile wanayotumia kupaka matatu michoro. Ukiutikisa mkebe unasikia kitu kikicheza ndani. Wakati mwingine ni kidude cha chuma, wakati mwingine ni kigololi cha kioo. Tulikuwa tunasubiri nje ya gereji mafundi watoboe mikebe iliyokwisha, kwa sababu kijana mmoja wa mtaa wa pili aliwahi kujaribu kuupasua mwenyewe kwa jiwe, akaja shuleni Jumatatu akiwa na nyusi za fedha.

Lakini nyingi zilikuwa zile za kawaida za dukani, kioo angavu chenye jani la rangi katikati, zinazoitwa macho ya paka. Zile nyeupe tupu zisizopenya mwanga tuliziita Nyayo, kwa ajili ya maziwa ya Nyayo, maziwa ya bure ya shule, yale ya pakiti ambayo serikali ya Rais Moi ilianza kutugawia mwaka 1979. Nyayo moja ilibadilishwa kwa macho ya paka mawili. Goroli ilikuwa tano, na ukiwa na shida hata nne.

Jani lile la ndani lilitusumbua akili. Liliingiaje? Kulikuwa na nadharia kwamba ni jani la kweli lililotiwa rangi. Nyingine, ya kijana aliyesikilizwa kwa kuwa babake alifanya kazi Eneo la Viwanda, ilidai ni moshi uliogandishwa. Siku moja tukaamua kumaliza ubishi. Tuliweka bano juu ya ukingo wa mtaro, tukaiponda kwa jiwe. Tulipata vipande vya kioo visivyo na rangi na vipande vya kioo vyenye rangi. Hakuna jani, hakuna moshi. Tukatazamana, na yule wa Eneo la Viwanda akasema moshi umetoroka.

Niliyojua baadaye ni kwamba jani lenyewe ni kioo, kioo cha rangi kilichochomekwa ndani ya kioo angavu vyote vikiwa moto na laini kama ugali wa uji. Donge hilo hukatwa, likaangukia kati ya roli mbili za chuma zenye mifereji ya mzunguko, likabingirishwa huku likipoa hadi likawa duara kamili. Mashine ya namna hiyo ilipewa hataza mwaka 1905 kwa jina la Martin Christensen, mtu wa Denmark aliyehamia Akron, Ohio, kule Marekani. Kabla yake mafundi wa Ujerumani, hasa wa mji wa Lauscha, walizikata moja moja kwa mkasi maalumu. Na macho ya paka yalitoka Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa bei iliyowashinda wenye viwanda wa Marekani. Sisi tuliona yametoka kwenye kioski, ndani ya chupa iliyokuwa na peremende, tatu kwa shilingi, au moja kwa sumuni kama muuzaji amekuona huna akili.

Kisha kulikuwa na zile za kukaanga. Dada yangu ndiye aliyeleta ujuzi huo, naye hakutaja aliutoa wapi. Unaweka bano kwenye jiko la makaa mama akiwa hayupo, unaisubiri ipate moto sana, unaichukua kwa koleo na kuitumbukiza kwenye kikombe cha maji baridi. Inalia chii. Ngozi ya nje inapoa na kujikunja ghafla wakati tumbo bado lina moto, basi ndani yote inajaa nyufa ndogo ndogo, lakini haivunjiki. Ukiishika juani inametameta kama kitu cha kuibwa. Nilikaanga sita. Nilizicheza mchana huohuo, na ya kwanza ikagawanyika mara mbili ilipoguswa tu. Dada alicheka. Yeye zake hakuzicheza kamwe, aliziweka dirishani.

Naona sasa kwamba hapo palikuwa na somo kuhusu tabia yangu ambalo nililiruka. Kwa maana kuna watu wa kucheza bano na watu wa kuweka bano, na mimi nilikuwa wa kuweka anayejifanya wa kucheza. Nilicheza kwa zile mbovu, zenye makovu, zilizolika pembeni kama sabuni. Nzuri zilikaa ndani ya soksi moja ya shule, ya kijivu, iliyofiwa na mwenzake. Usiku nilizihesabu chini ya blanketi kwa vidole, gizani, na nilikuwa nazijua moja moja kwa uzito na ubaridi wake.

Rafiki yangu alikuwa kinyume changu. Tulimwita Spani. Katika mchezo wa shimo, tuliochimba kwa kuzungusha kisigino, ukishaingiza bano yako shimoni unapewa haki ya kupima spani moja kutoka ukingoni kabla ya kumlenga mwenzako. Spani ni upana wa kiganja kilichonyooshwa, toka ncha ya dole gumba hadi ya kidole kidogo. Mwalimu wa Kiswahili angesema shubiri. Rafiki yangu alikuwa mdogo wa mwili lakini kiganja chake kilikuwa cha mtu mzima, na akikinyoosha ardhini tulilia kwamba huo ni wizi. Alikuwa anajibu vilevile kila mara: "Mungu ndiye alinipimia."

Hatukufyatua kwa dole gumba kama watoto wa kwenye picha za Kizungu. Tuliweka bano kwenye ncha ya kidole cha kati cha mkono wa kushoto, dole gumba likiwa limesimikwa ardhini kama nguzo, tukakivuta kidole kile nyuma kwa mkono wa kulia kama upinde, kisha tukakiachilia. Wanavyopiga watoto wa India na Pakistan, kwa kweli. Julai, baridi ya Nairobi ikishaingia mifupani, vidole vilikufa ganzi na bano ikaenda ilikotaka yenyewe. Spani alikuwa anaweka mkono kwapani kati ya zamu na zamu. Mimi niliona ni madaha, hadi nilipojumlisha ni bano ngapi zangu zilikuwa zimehamia kwake.

Na alizitumia. Hilo ndilo lililonishangaza. Alikula bano nzuri ya mtu asubuhi, jioni akaipoteza kwa mtu mwingine, akaenda zake nyumbani akipiga mluzi. Hakuwa na soksi. Alikuwa na mfuko tu, na mfuko huo ulijaa na kukauka kama Mto Ngong.

Wiki ya Saba Saba, yale maandamano ya kudai vyama vingi ya Julai 1990, mama hakuturuhusu kutoka. Kulikuwa na moshi upande wa Kamukunji na macho yaliwasha hata ndani ya nyumba. Spani, ambaye mlango wao ulitazamana na wetu, alivuka kwa kutambaa, akaja tukacheza kwenye saruji ya sebuleni, chini ya meza. Saruji haifai kwa bano. Hakuna mahali pa kuchimba shimo, na kila pigo linasikika hadi jikoni. Tulitumia kifuniko cha sufuria kama shimo. Siku hiyo nilimshinda, mara ya kwanza na ya mwisho, na nafikiri ni kwa sababu sakafu ile niliijua.

Sakafu, au niseme ardhi. Mtu aliyekulia Kikuyu au Lavington hawezi kuelewa ninachosema hapa, kwa sababu kule udongo ni mwekundu, mpole, unaoshika shimo vizuri mwaka mzima. Eastlands yetu, upande wa mashariki wa Nairobi, imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, huu wanaouita udongo wa pamba. Udongo huu una tabia za mtu mwenye hasira. Mvua ya Machi ikianza unavimba, unakuwa gundi, unakuvua kiatu na kubaki nacho. Juni unatulia, unakuwa mgumu na laini kwa juu, na hapo ndipo msimu wa bano ulifika bila mtu kuutangaza. Ikifika Januari na Februari, jua likiwa limeunyonya maji yote, unapasuka. Nyufa za upana wa mkono, zinazoingia chini hadi huoni mwisho. Ukilenga vibaya Februari hukupoteza pigo tu, ulipoteza bano. Ilibingirika hadi ukingoni, ikasitasita, ikaingia, na ulichobaki nacho ni kulala kifudifudi ukichungulia gizani na kusikiliza.

Tuliingiza waya, tuliingiza fimbo yenye ubani uliotafunwa kwenye ncha. Mara chache ilifanya kazi. Nyingi zilibaki huko. Na kwa kuwa tulizaliwa na kukuta nyufa zile, hatukujiuliza zinaenda wapi mvua inaponyesha. Hazikuwepo tu, kama vile embe halipo wakati si msimu wake.

Mwanzo wa mwaka 1991, nilipokuwa darasa la sita, ripoti yangu ya muhula uliopita ilikuwa imeniteremsha kutoka nafasi ya 7 hadi ya 29. Mama hakupiga kelele. Alikunja karatasi ile, akaiweka chini ya redio, akasema, "Nikiona bano yoyote katika nyumba hii, inaingia chooni." Mama alikuwa mtu wa neno lake. Aliwahi kutupa kandanda ya ngozi ya kakangu.

Kwa hiyo nikachukua soksi, ikiwa na bano 43, nikatoka nayo alasiri. Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na uwanja ambao kaunsili ilikuwa imeusahau, na katikati ya uwanja kulikuwa na ufa mkubwa tuliouita Bonde la Ufa, kwani tulikuwa tumetoka kulisoma katika somo la jiografia. Nilifunga fundo kwenye soksi, nikaishusha kwa kamba ya kiatu hadi mkono wangu ukafika begani, nikaiacha. Nikaweka jiwe la alama. Spani alikuwa amesimama kando, akitazama asije mtu. Yeye tu ndiye aliyejua.

Mvua haikusubiri Machi ifike katikati. Ilinyesha usiku mmoja, na wa pili, na wa tatu, ile mvua ya Nairobi inayopiga mabati hadi mnazungumza kwa ishara. Siku ya nne nilienda uwanjani. Jiwe langu lilikuwepo, limezama nusu. Ufa haukuwepo. Hapakuwa na hata mstari. Palikuwa na tope jeusi, limejaa na kulainika, kana kwamba ardhi haijawahi kufunguka tangu kuumbwa. Nilichimba kwa kijiko, nilichimba kwa mikono hadi kiwiko, tope likanivuta. Hakuna kitu.

Sasa mtoto wa miaka kumi na mmoja anafikiri nini? Ardhi haimezi soksi. Mtu huiba soksi. Na mtu aliyejua mahali pale alikuwa mmoja.

Nilimwendea Spani kwao, mbele ya mamake na wadogo zake, nikamwita mwizi. Nilisema mengine pia, kuhusu mifuko yake na kwamba ndiyo maana hana kitu kinachokaa. Mamake aliacha kuchambua mchicha. Alimuuliza, "Umechukua?" Akasema, "Hapana, Mama." Akanigeukia, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Haya mwanangu, umesikia. Nenda nyumbani." Ingekuwa heri angenifukuza.

Hatukuzungumza tena. Milango inatazamana na hatuzungumzi, kazi ngumu sana hiyo kwa watoto. Walihama Agosti mwaka uliofuata, wakati babake alipohamishwa kazi kwenda Nakuru. Nililitazama lori likipakiwa godoro la mwisho nikiwa nyuma ya pazia. Kiangazi kilichotangulia nilikuwa nimechungulia nyufa zote za uwanja ule, na nyufa zilikuwa zimefunguka pengine, kwa mistari mipya kabisa, na Bonde la Ufa halikurudi mahali pake. Hata hilo halikunifungua macho. Nilijiambia kwamba nilichungulia kwa ajili ya kuhakikisha.

Miaka mitatu iliyopita nilinunua kiploti Ruai, kama kila mtu wa umri wangu aliyechoka kulipa kodi ya nyumba. Mara ya kwanza kwenda na fundi, alichukua jembe, akapiga mara mbili, akatikisa kichwa. "Mzee, huu udongo haujengewi. Lazima tuutoe wote hadi tufike kwenye mwamba." Nikauliza kwa nini, nikifikiria bei ya kukodi tingatinga. Akanionyesha ufa uliopita katikati ya kiploti changu, upana wa kiganja. "Huu ukinywa maji unavimba, unajifunga. Ukikauka unafunguka, lakini si lazima pale pale. Unajipindua, Mzee. Ukidondosha kitu hapa Januari, Aprili hukipati. Mimi nilipoteza timazi hivyo."

Aliendelea kuzungumza kuhusu kokoto na nondo. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kando ya ufa, na fundi lazima alifikiri nalia kwa sababu ya gharama.

Kulikuwa na kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja, la kutangaziana matanga na michango ya harusi. Nilikuwa nimeliona jina lake mle kwa miaka na sikuwahi kuligusa. Usiku ule niliandika ujumbe mrefu, nikaufuta, nikaandika mwingine. Nilimweleza kuhusu udongo. Nilimweleza namna unavyovimba na kujifunga na kujipindua, aya nzima, kama mtu anayefanya mtihani. Mwishoni nikaandika kwamba nilimkosea, yeye na mamake, na kwamba nilikuwa mjinga.

Alijibu asubuhi, kwa ujumbe wa sauti. Nyuma yake kulikuwa na honi na makanga akiita abiria wa Njoro. Aliniambia mamake alifariki mwaka 2014, na kwamba alikuwa akiuliza habari zangu, yule kijana wa soksi. Akanyamaza kidogo, nikamsikia akivuta pumzi.

"Lakini buda," akasema, "unazungumza ni kama zote zilikuwa zako. Mle ndani kulikuwa na Nyayo mbili zangu. Nilikupa uniwekee, kwa sababu wewe hupotezi. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Niliisikiliza sauti ile mara nne nikijaribu kuzikumbuka, mimi niliyezijua zote kwa vidole gizani, na sikuweza kuziona mbili zile. Nikamwandikia kwamba nitamlipa.

"Na riba," akajibu.